Pwani Huanzia Milimani

Ukimwuliza mwanafunzi wa Kitui au wa Makueni pwani yaanzia wapi, atakujibu bila kusita kwamba yaanzia pale mawimbi yapigapo mchanga, huko Mombasa, Malindi au Lamu, na kwamba kutoka kwetu hadi huko ni safari ndefu ya gari. Jibu hilo lapata alama katika mtihani, wala mimi niliye mwalimu sitalikata kwa wino mwekundu. Lakini katika kurasa hizi chache nataka kukuonyesha, msomaji, ya kuwa jibu hilo ni nusu tu ya kweli. Nusu ya pili iko chini ya miguu yako, katika shamba la wazazi wako na katika njia ya ng'ombe iteremkayo mtoni. Nikifaulu kukuonyesha hayo, huenda usiitazame tena mvua ya kwanza ya msimu kama ulivyozoea kuitazama.

Yatupasa kuanza na jambo ambalo macho yetu hayaliamini kwa urahisi, nalo ni kwamba nchi hubadilika. Mtu huishi miaka 70 au 80, na siku zake zote huuona mlima uleule mahali palepale. Kwa hiyo husema kwamba mlima haubadiliki. Lakini miamba iliyo chini ya vilima vyetu vya Mbooni, Kilungu na Nzaui, na chini ya vile vya Kitui pia, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Zamani miamba hiyo ilikuwa chini kabisa, penye mizizi ya milima mirefu, ikapikwa kwa joto na kukandwa kwa uzito hata ikawa na milia tuionayo leo mahali jiwe lilipopasuka. Milima iliyokuwa juu yake imeliwa na jua, mvua na upepo, punje kwa punje, na vilima vyetu ndiyo masalio ya karamu hiyo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni Uwanda wa Yatta. Ukisimama upande wa Makueni na kutazama ng'ambo ya mto Athi, utauona umenyooka kama ukuta uliopigwa kamba, nao una urefu wa takriban kilomita 300. Wenye elimu ya miamba hutueleza kwamba yapata miaka milioni 13 iliyopita lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto wa chini ya ardhi, ilibubujika kutoka upande wa Bonde la Ufa. Ikafuata bonde la mto wa kale, kwa maana kila kimiminikacho hutafuta mahali pa chini. Kisha ikapoa ikawa jiwe gumu. Ardhi ya kandokando, ambayo wakati ule ilikuwa juu ya bonde hilo, haikuwa na ugumu wa jiwe lile. Ikamomonyoka ikaondoka. Basi lililokuwa bonde limekuwa uwanda wa juu, na zilizokuwa kingo za juu zimekuwa nchi ya chini. Sasa jiulize, msomaji: ardhi hiyo yote iliyoondoka kando ya Yatta ilikwenda wapi? Haikutoweka. Maji yaliichukua, na safari ya maji, yasipozuiwa njiani, huishia baharini.

Kwa hiyo mmomonyoko wa udongo si jambo lililoletwa duniani na mwanadamu. Ulikuwako kabla yake. Lililo mikononi mwa mwanadamu ni mwendo wake: kama udongo utatembea kwa hatua za kinyonga au kwa mbio za swala. Na mwendo huo hutegemea sana kile kilichoifunika ardhi.

Tazama tone la mvua kubwa liangukapo juu ya udongo mtupu. Hupiga kama nyundo ndogo, likarusha punje huku na huku, likaziba vitundu ambavyo maji yangeingilia. Maji yakikosa mlango wa kuingia ndani, hukimbia juu ya ardhi, na akimbiaye huchukua alichokikuta njiani. Katika msitu mambo ni mengine. Msitu una paa juu ya paa. Kuna majani ya miti mirefu, chini yake miti mifupi, chini yake vichaka, na chini kabisa kuna zulia la majani makavu yaozayo. Tone lifikapo chini limekwisha kuchoka. Hunywewa taratibu na udongo uliolegezwa na mizizi, minyoo na wadudu, na udongo wenyewe hukaa mahali pake.

Wala usidhani kwamba msitu huzaliwa ukiwa mtu mzima. Ukitaka kujua unavyokua, nenda Milima ya Chyulu, iliyo kusini ya Makueni yetu. Hiyo ni milima ya volkano, na katika hesabu ya miamba ni kama watoto wachanga, kwa kuwa milipuko yake ya mwisho ilikuwa katikati ya karne ya 19, watu wakiwapo kuishuhudia. Mahali lava ilipomwagika mwisho, utaona hata leo mawe meusi, makali kama chupa iliyovunjika, yasiyofaa kwa jembe wala kwa kwato. Mgeni wa kwanza wa mawe hayo ni utando wa kijivu na kijani ung'ang'aniao jiwe kama ukoga ung'ang'aniavyo jino. Utando huo hulila jiwe polepole na kukamata vumbi lipitalo. Vumbi likitosha, huota mimea midogo isiyotoa maua. Hiyo ikifa na kuoza, hupatikana udongo wa kuzitosha nyasi. Nyasi huvitengenezea vichaka mahali, na ndege watuao vichakani huleta mbegu za miti. Mwisho wake, kule juu ambako ukungu hulala asubuhi, husimama msitu mnene wenye miti iliyovikwa mimea mingine mabegani. Kila kizazi cha mimea humwandalia nafasi yule atakayekuja kukiondoa. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuziona hatua hizo zote, tangu jiwe tupu hata msitu, katika safari moja ya Chyulu. Lakini akumbuke ya kuwa hatua azipitazo kwa siku moja zilichukua karne nyingi, na kwamba shoka na moto havihitaji karne.

Jambo jingine la ajabu katika milima hiyo ni kwamba haina mto utiririkao juu yake mwaka mzima. Mvua na ukungu huzama katika mawe yake yenye vitundu, na maji husafiri chini kwa chini mbali na macho ya watu. Hutokea tena yakiwa maangavu katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo, na mengine hutokea Kibwezi. Tangu miaka ya 1950 maji ya Mzima yamekuwa yakipelekwa Mombasa kwa mabomba. Hivyo mtoto wa Mombasa afunguapo bilula yake aweza kunywa mvua iliyonyesha Chyulu. Maji yasiyoingia bombani huteremka katika mto Tsavo. Tsavo nao hukutana na Athi, na mto uzaliwao na hao wawili huitwa Galana, ambao ukikaribia bahari watu huuita Sabaki.

Sasa umeona, msomaji, ya kuwa Galana una wazazi wawili. Mmoja huletewa maji yaliyochujwa na mawe na kulindwa na msitu. Mzazi wa pili ni Athi, na huyu ndiye wetu. Hutoka upande wa Nairobi, hupita kando ya Yatta, hufanya mpaka baina ya Kitui na Makueni, na njiani hupokea Thwake na vijito vingi ambavyo wengine wetu tumeoga ndani yake. Si vijito vyote vya Ukambani huufikia. Upande wa Kitui vipo viendavyo Tana, na mto Tiva huelekea nyika ya Tsavo, ambako aghalabu hupotea mchangani kabla ya kuiona bahari. Lakini vile viingiavyo Athi vyatosha kueleza habari yetu.

Wajua jinsi mwaka wetu ulivyogawanyika. Baada ya mvua za Machi hadi Mei huja kiangazi kirefu. Ifikapo Oktoba nyasi zimekwisha kuliwa na mifugo hadi mizizini, mabua yamekatwa kuwa chakula cha ng'ombe, na mashamba yamelimwa ili mbegu zipate kupandwa kabla ya mvua. Ardhi iko uchi. Ndipo hushuka mvua ya kwanza, na aghalabu hushuka kwa nguvu. Mfereji mwembamba kama kidole huanza katikati ya shamba. Chini kidogo hukutana na mwenziwe. Wawili hao huwa mtaro, mitaro huwa korongo. Mto uliokuwa mchanga mkavu asubuhi huja jioni kama ukuta unaotembea, umebeba vijiti, samadi na udongo wa juu, ule ulio na rutuba kuliko wote. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati wa mvua kubwa za mwaka 1997, zile zilizoitwa El Niño. Nyanya yangu alikuwa na kishamba cha mihogo na kunde kilichopakana na korongo, na ukingo wake ulishikwa na safu ya katani. Usiku mmoja tulisikia kishindo kama cha gari limwagalo mawe. Kulipokucha, safu ya katani ilikuwa chini korongoni, mizizi juu, na karibu nusu ya kishamba ilikuwa haipo. Nyanya hakulia. Alisimama ukingoni, akasema kwa Kikamba maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mwizi huyu hata nyayo hakuacha."

Miaka mingi baadaye nilizikuta nyayo za mwizi yule. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na mkufunzi wetu wa jiografia alitupeleka pwani kwa masomo, mwezi wa Novemba. Kabla ya siku ile sikuwa nimepata kuiona bahari ila katika picha za kalenda, ambamo huwa ya buluu daima. Tulishuka kwenye daraja la Sabaki, kaskazini ya Malindi, nikaona mto mpana mwekundu, wekundu niujuao. Na ulipoingia baharini, bahari nayo ilikuwa nyekundu mbali sana, hata jicho lilipochoka ndipo nilipouona mstari wa buluu. Mkufunzi alijaza chupa moja ya kioo, akaiweka dirishani mahali tulipolala. Asubuhi maji yalikuwa yametulia, na chini ya chupa kulikuwa na tope lenye unene wa kidole. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Malindi, aliitazama chupa, akanitazama mimi, akasema, "Ndugu yangu, huu ni udongo wenu. Mtaufuata lini?" Nikamjibu kwamba nauli ya kuurudisha hatuna. Tulicheka sote. Lakini nilipobaki peke yangu nilikumbuka safu ile ya katani.

Sikiliza sasa linalofanyika udongo ukifika huko. Mto ukikutana na bahari hupungukiwa na nguvu, na aliyechoka hutua mzigo. Mchanga mzito hutua kwanza, karibu na mlango wa mto. Tope jepesi husafiri mbali. Pepo nazo zina kazi yao. Wakati wa kusi, maji na mchanga husukumwa upande wa kaskazini, kuelekea Mambrui; wakati wa kaskazi, husukumwa kusini, katika ghuba ya Malindi. Mawimbi hutupa mchanga ufuoni, jua huukausha, na upepo huuchukua na kuujenga vilima vya mchanga. Mmea utambaao, wenye maua ya zambarau, huvishona vilima hivyo visiendelee kuhama. Nyuma yake hufuata vichaka, kwa utaratibu uleule tuliouona katika mawe ya Chyulu. Penye tope na maji ya chumvi huota mikoko, ambayo mizizi yake hukamata tope zaidi. Ufuo wa Malindi umepanuka kwa mchanga ulioletwa na Sabaki, na mahali ambapo zamani mawimbi yalipiga, leo ni nchi kavu. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba hujapata kufika pwani, waweza kujibu kwa haki kwamba sehemu ya shamba lenu imekwisha kufika.

Lakini kuna wasiofurahia wageni hao. Mbele ya Malindi kuna miamba ya matumbawe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1968. Tumbawe si jiwe tu. Ni nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo sana, ambao hutegemea mimea midogo zaidi ikaayo miilini mwao, na mimea hiyo huhitaji nuru ya jua. Maji yakijaa tope, nuru hukatika, na tope litulialo huwafunika wajenzi wenyewe. Tena tumbawe huongeza tabaka jipya kila mwaka, kama mti uongezavyo duara katika shina lake, na katika kila tabaka huhifadhi dalili ya maji yaliyokuwapo mwaka ule. Mwaka 2007 wataalamu walichapisha habari za tumbawe moja la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300. Walipima ndani yake bariamu, kitu ambacho huletwa baharini pamoja na udongo wa mito. Waliona kwamba tangu mwaka 1700 hadi 1900 kiasi chake hakikubadilika sana. Baada ya 1900 kikaanza kupanda, kikaendelea kupanda. Hebu fikiri, msomaji. Sisi hatukuandika ni kiasi gani cha udongo kilichotoka katika vilima vyetu, lakini mnyama mdogo asiye na kalamu, aliye mbali nasi, alikuwa akiandika kila mwaka bila kukosa.

Je, tuseme basi kwamba ni heri mto usipeleke chochote baharini? Hapana. Huko nako kuna hasara. Kule Misri, bwawa kubwa la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, udongo ambao mto Nile ulikuwa ukiupeleka tangu kale ulibaki nyuma ya ukuta, na baadhi ya fuo za mlango wa mto huo zikaanza kuliwa na bahari. Ufuo wa mchanga ni kama mfuko wa mtu atumiaye kila siku: mawimbi hutoa, mto hutia, mto ukiacha kutia, mfuko hupungua. Jambo hili latuhusu, maana ujenzi wa bwawa la Thwake ulianza mwaka 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, na kila bwawa kubwa huzuia udongo pamoja na maji. Pwani yahitaji mchanga wetu kwa kipimo. Ilichopata baada ya mwaka 1900 kilizidi kipimo, nasi tulichopoteza ni chakula.

Yafaa pia ujue kwamba watu wa nchi hii hawakukaa wakitazama tu. Katika miaka ya 1930 Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo lao, kwa kuwa nyanda nyingi walizolishia mifugo zilikuwa zimechukuliwa kwa ajili ya walowezi. Mwaka 1937 afisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya mmomonyoko wa udongo katika Machakos, wilaya ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Makueni. Serikali ikaona kwamba dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walipokamatwa na kuuzwa, watu wengi, wake kwa waume, walikwenda Nairobi kwa miguu kumwona gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, na kazi ya kulazimishwa haipendwi. Punde baada ya Uhuru mengi yaliachwa.

Lakini yaliyokataliwa kwa amri yalirudi kwa hiari. Wakulima waliona kwa macho yao kwamba shamba lenye matuta hubaki na unyevu wakati shamba la jirani limekauka. Wakashika mtindo uitwao fanya juu: huchimbwa mtaro kwa kuufuata usawa wa mteremko, na udongo hurushwa upande wa juu, ukafanya tuta linalopandwa nyasi. Miaka ikipita shamba hugeuka ngazi. Kazi hii haimwelekei mtu mmoja, na Wakamba wana desturi ya mwethya, yaani kundi la majirani wasaidianao kwa zamu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya Machakos ya tangu 1930 hadi 1990. Walionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5, na hata hivyo mashamba yalikuwa yametunzwa vizuri kuliko zamani. Jambo hilo liliwashangaza wengi waliodhani kwamba watu wakizidi ardhi haina budi kufa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Katika Kitui na Makueni yapo mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu; mafuriko huleta mchanga na tope; tope jepesi hupita juu ya ukuta, mchanga mzito hubaki nyuma yake. Katikati ya punje za mchanga maji hujificha, na kiasi chake chaweza kuwa robo ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hazai humo, na wakati wa kiangazi akina mama huyachimbua. Hivyo udongo wetu usafirio, ukizuiwa kwa akili, huwa mtungi wa kijiji. Lakini mchanga huohuo watakiwa Nairobi kwa ujenzi wa majumba, na malori huja kuununua. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 ili kuyazuia madhara hayo. Hata hivyo sheria haina macho ya usiku.

Nilipata kuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, kijana mwenye akili, aliyesinzia darasani kila Jumanne na Ijumaa. Nilimwita faraghani. Akaniambia, "Mwalimu, napakia mchanga usiku. Mchanga ndio karo yangu." Nilimwuliza mama yake achota maji wapi. Akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Papo hapo mtoni. Zamani alichimba hata kiunoni akayapata. Sasa akiingia shimoni humwoni kichwa." Nikataka kusema, lakini akanitangulia: "Najua, Mwalimu. Umetufundisha. Lakini nikiacha sepetu, wewe utanikosa darasani. Nisipoiacha, mama atakosa maji. Niambie nichague lipi." Msomaji, katika miaka yangu ya ualimu sijapata kuulizwa swali gumu kuliko hilo, wala halimo katika silabasi. Nililipeleka mbele ya wakuu wangu na wazazi. Baada ya maneno mengi ilikubaliwa kwamba alete ndengu na kunde badala ya sehemu ya karo, kwa bei ya soko. Msimu wa kwanza mvua ilikuwa haba na deni likabaki; alimaliza masomo mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Lakini alimaliza, na sepetu ile baadaye aliitumia katika mwethya wa kujenga ukuta juu kidogo ya pale mama yake achotapo maji.

Sikukusimulia habari hiyo ili uwachukie wapakiao mchanga. Wengi wao wana njaa au wana watoto shuleni. Nimeisimulia ili uone kwamba elimu ya ardhi si ya kujibia mtihani tu. Punje moja ya mchanga ikiwa shambani ni chakula. Ikiwa mtoni, nyuma ya ukuta, ni maji. Ikiwa kwenye lori ni karo. Ikiwa Malindi ni ufuo. Ikiwa juu ya tumbawe ni mauti. Punje ni ileile. Lililoibadilisha ni mahali ilipo, na mahali ilipo huamuliwa mara nyingi na watu kama wewe na mimi, kwa jembe, kwa shoka, au kwa kupanda nyasi kwenye tuta.

Basi mvua ya kwanza ikija, usikae ndani hadi ikatike kabisa. Ikipungua, toka, ufuate maji kutoka mlangoni kwenu hadi korongoni. Angalia rangi yake mahali penye nyasi na rangi yake mahali pa wazi. Angalia tuta gani limebomoka, na ni nani mwenye shamba hilo. Huenda ni mjane au mzee asiye na mkono wa kumsaidia. Kesho yake mwite mwenzako mmoja, mchukue majembe, mwende mkampigie hodi kabla mvua ya pili haijafika.